Pikipiki ya Siku ya Off: Muuguzi Anunue Ipi?

Kama wewe ni muuguzi na umeamua kwamba siku za off utazimalizia barabarani badala ya kulala na simu mkononi, sikuzuii. Wapo wanaofanya hivyo. Dar es Salaam wanavuka kwenda Kigamboni au wanashika njia ya Bagamoyo, Mbeya wanateremkia Tukuyu, Moshi wanapanda Marangu, na wa Tanga wanaikimbilia Lushoto. Huko hakuna kengele ya wodini wala ndugu wa mgonjwa anayeuliza daktari anakuja saa ngapi. Kusafisha kichwa ni juu yako. Mimi nimekuja kwa ajili ya pochi.

Tukubaliane jambo moja kabla ya bei. Bodaboda ananunua pikipiki imlipe; wewe unanunua kitu kitakachotoa pesa mfukoni mwako bila kurudisha hata senti. Kwa hiyo usipime kwa kasi wala kwa sura. Pima kwa kero. Pikipiki inayokukalisha gereji kila off imekuwa zamu nyingine, tena isiyo na posho.

Bei nitakazotaja ni makadirio kwa shilingi za Tanzania. Zinapishana kwa mji na kwa duka, hivyo zichukue kama mahali pa kuanzia kubishana.

Anza na ile ya kawaida, ya cc 125 hadi 150, inayobeba abiria kila kona ya nchi. Ikiwa mpya dukani ni milioni 2.3 hadi 3.2 hivi. Haina sura ya kupigia picha, na hakuna atakayegeuza shingo ukipita. Ila spea zake zipo Kariakoo na zipo Tunduma, tairi unalipata kwa elfu hamsini hadi themanini, na fundi anayeijua yupo chini ya mwembe wowote. Ikikuzimikia Mlandizi jioni, atatokea mtu mwenye spana na plagi kabla hujamaliza kupiga simu. Kwa mtu anayetakiwa kupokea ripoti saa moja na nusu asubuhi kesho yake, hiyo ndiyo sifa ya kwanza.

Kasoro yake ni barabara kuu. Ukiizidisha kilomita 80 kwa saa inatetemeka, na lori likikupita upepo wake unakusukuma pembeni. Dar hadi Morogoro, kilomita mia moja tisini na ushei, utafika, lakini utashuka vidole vikiwa na ganzi. Hii ni pikipiki ya safari ya nusu siku kwenye barabara ndogo. Ukipewa uchaguzi wa matoleo mawili, ongeza pesa uchukue lenye breki ya diski mbele. Taa za rangirangi na redio usizilipie.

Kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji: bei hiyo ni pamoja na usajili, namba na bima, au ni ya chuma peke yake? Maduka mawili yanaweza kutofautiana kwa laki moja kwenye kibao, kumbe la bei nafuu halijahesabu hata namba. Uliza pia masharti ya waranti. Mara nyingi inakufa usipofanya sevisi za mwanzo kwenye gereji yao, na gereji yao inaweza kuwa mkoa mwingine. Helmeti wanayokupa "bure" tutairudia.

Sasa ile iliyotumika. Milioni 1 hadi 1.8, na hapo ndipo wengi wanapopigwa. Pikipiki nyingi za mkononi zimetoka kwenye mkataba wa bodaboda. Fanya hesabu: kilomita 100 kwa siku, siku 300, ni kilomita 30,000 kwa mwaka, na ndani yake kuna mkaa, mifuko ya saruji na mishikaki ya abiria watatu. Mita usiiamini, waya wake unakatwa kwa dakika moja. Tazama vitu visivyodanganya: raba za kuwekea miguu zilizolika, pedali ya gia iliyochakaa, kiti kilichoshonwa upya, bomba linalotoa moshi wa bluu. Sahani ya namba nyeupe inakwambia ilisajiliwa kwa biashara. Ya njano ni ya binafsi, ingawa hata ya njano imewahi kubeba abiria kimyakimya.

Fika bila kutoa taarifa ya saa kamili, na kitu cha kwanza weka mkono karibu na injini. Ikiwa ya moto, kuna mtu aliyeiwasha mapema ili isikugomee mbele ya macho yako. Subiri ipoe. Nenda na fundi wako, si fundi wa dalali. Ukisikia "Sista, hii injini haijawahi kufunguliwa," angalia vichwa vya bolti: spana ikipita huacha alama.

Dalali naye ana cha juu. Mwenye mali anataka milioni 1.2, wewe unaambiwa 1.5. Omba kuongea na mwenye jina kwenye kadi, na asipopatikana usinunue, maana bila yeye hutabadilisha umiliki TRA. Huko kuna ada ya kuhamisha, ada ya kadi mpya na ushuru wa stempu unaokokotolewa kwa thamani ya mauziano. Wauzaji wengi wanakuachia wewe mzigo wote huo. Angalia pia kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani kama namba hiyo ina deni, na kwenye mfumo wa TIRA kama stika ya bima ni halali. Vyote viwili vinafanyika kwa simu ukiwa umesimama palepale.

Ukiongeza sproketi na cheni mpya, tairi mbili, betri na klachi, ile "nafuu" ya milioni 1.4 inakaribia milioni 2. Iliyotumika naikubali kwa hali moja: iwe ya mtu binafsi unayemfahamu, mwalimu au mfanyakazi mwenzako, aliyekuwa akiendea kazini na kurudi. Waulize wanaohamishwa vituo. Mtu mwenye barua ya uhamisho mkononi hana muda wa kuvutana bei.

Kuna aina ya tatu ambayo wauguzi wa zahanati wanaijua kuliko watu wengine: ile ndefu ya njia mbovu, ya kwenda kwenye chanjo na huduma ya mkoba. Wengi walijifunzia hapo hapo, na mapenzi yao ya barabara yalianzia kwenye kazi. Mpya kutoka India au China zinaanzia kama milioni 3 na nusu. Zile za Kijapani mpya ziko mbali sana na mshahara wako, usipoteze muda. Ya mradi iliyochoka inayouzwa mnadani inavutia kwa sababu chuma chake ni kigumu kweli. Lakini uliza kama iliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Ikiwa ndivyo, ikipewa mtu asiye na msamaha, kodi inaweza kudaiwa, na anayekutwa nayo ni wewe. Zile za zamani zenye injini ya kuchanganya oili na petroli zinataka oili maalumu kila safari, na si kila kijiji wanayo. Na kama una kimo kifupi, kaa juu yake kabla ya kulipia. Kusimama kwa ncha ya kidole kwenye kilima cha Usambara si burudani.

Skuta nitaisema haraka. Haina gia, unaweza kuipanda na gauni au kanga, na chini ya kiti inaingia sare na viatu vya wodini. Zanzibar, ambako watu huziita vespa zote, mafundi na spea ni vya kumwaga. Bara, nje ya miji mikubwa, utasubiri spea. Magurudumu yake madogo hayapendi mashimo. Kwa lami ya pwani ni chaguo zuri. Kwa Rungwe wakati wa masika, hapana.

Ya umeme ina ukimya ambao mtu aliyeshinda na mashine za ICU ataupenda. Kuchaji nyumbani ni rahisi mno: betri ya yuniti tatu, kwa bei ya shilingi mia tatu hamsini na kitu kwa yuniti ya mteja wa kawaida, ni kama shilingi elfu moja na mia. Mtego uko kwenye karatasi. Baadhi zinauzwa bila betri, na betri unaikodi kila wiki au kila mwezi, utembee usitembee. Bodaboda anayezunguka kutwa inamlipa. Wewe unayetoka mara nne kwa mwezi unalipia betri inayolala. Tena nyingi zinakwenda kilomita 60 hadi 80 kwa chaji moja, na vituo vya kubadilishia viko mjini. Dar hadi Bagamoyo na kurudi ni kama kilomita 140. Fanya mwenyewe hesabu ya kusukuma.

Halafu kuna zile kubwa, cc 400 kwenda juu, zinazoletwa zikiwa zimetumika kutoka Japani na Ulaya. Najua ndizo zilizo kwenye skrini ya simu yako. Bei unayoiona mtandaoni ni ya chombo kikiwa bado kwao. Ongeza nauli ya meli, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili. Ukimaliza kujumlisha, ile bei ya kwanza inaweza kukaribia kuwa mara mbili.

Watu huogopa mafuta yake, na hapo si ndipo penye maumivu. Safari ile ile ya Bagamoyo, kwa petroli ya shilingi 3,000 kwa lita, ya cc 150 inayokwenda kilomita 40 kwa lita itakula 10,500. Kubwa inayokwenda kilomita 20 itakula 21,000. Tofauti hiyo ni mishikaki na soda. (EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo badilisha hesabu yangu kwa bei ya mwezi wako.) Kinachouma ni tairi moja la nyuma linalokaribia bei ya tairi zote mbili za ndogo mara tatu, pedi za breki za kuagiza, na fundi mmoja tu mjini anayejua kompyuta yake, ambaye anajijua kuwa yuko peke yake. Kuegesha nako kuna bei: chumba cha kupanga cha Tabata au Sinza chenye ua usio na geti hakifai, na kufuli, mnyororo na kifaa cha kufuatilia chenye ada ya mwezi vyote vinaingia kwenye hesabu. Kama mshahara ndio pekee unaoingia nyumbani, iache kwenye simu.

Leseni nayo iangalie. Daraja A1 ni la pikipiki zilizo chini ya cc 125. Zinazozidi hapo zinataka A. Leseni ina ada yake, na nje ya hiyo kuna mafunzo na mtihani. Usilipie ya 150 ukiwa na daraja dogo ukadhani askari hasomi. Bima nayo huenda ikakukana siku unayoihitaji.

Sasa pesa inatoka wapi? Hapa ndipo nataka ukae nami kidogo, kwa sababu mkopo mbaya unaharibu ununuzi mzuri.

Tuseme unataka milioni 3 kwa mwaka mmoja. SACCOS ya kazini inakutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Unarejesha 250,000 ya msingi kila mwezi, na riba ya mwaka mzima inakuwa 195,000. Mkopeshaji wa mtaani anakwambia "asilimia 3 tu kwa mwezi", lakini anaihesabu kwa milioni 3 ileile tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Riba yake ni 1,080,000. Tofauti ya watu hao wawili ni 885,000. Uliza swali moja tu: riba inapungua na deni, au haipungui? Akizunguka, umeshajibiwa. Juu ya hapo kuna ada ya fomu, bima ya mkopo na "usimamizi", vinavyokatwa kabla pesa haijafika, ukapokea milioni 2.8 huku ukilipa riba ya 3. Kausha damu hata usiwasalimie kwa ajili ya starehe.

Mkataba wa duka ndio ghali kuliko wote, kwa kuwa umetengenezwa kwa mtu anayeingiza pesa kila siku. Chukua mfano wa kianzio cha 300,000 na 70,000 kila wiki kwa wiki 65. Jumla ni 4,850,000 kwa pikipiki ambayo taslimu ingekuwa 2.9. Ukichelewesha wiki mbili wanaichukua, na ulichokwisha kulipa kinabaki kwao.

Mtumishi wa serikali anajua sheria ya theluthi: makato yote yakiisha lazima ibaki theluthi moja ya mshahara. Kama bodi ya mikopo ya elimu ya juu bado inakukata na benki inakukata, afisa utumishi hatapitisha la tatu. Afadhali ulijue hilo kabla hujatoa kianzio kisichorudi.

Wazo la kumpa kijana aiendeshe bodaboda siku za kazi ili ijilipe nimelisikia mara nyingi. Hesabu kwenye karatasi ni nzuri. Ila siku yako ya off ikifika utaikuta imechoka, au ipo kituoni polisi, au kijana ana mteja wa Chalinze. Na bima uliyokata ni ya binafsi. Chagua moja, biashara au mapumziko.

Vifaa vya kuvaa ndipo mahali pa kutoa pesa bila kubana. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2008 ulikuta helmeti inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na ya kufa kwa asilimia 42. Wewe uliyewahi kupokea majeruhi wa bodaboda usiku wa Jumamosi huhitaji asilimia. Ile ya bure ya dukani, ambayo ukiibonyeza inabonyea, mpe mtoto achezee. Tafuta inayofunika uso mzima, yenye alama ya ECE 22.06 au 22.05, inayobana mashavu. Tenga 150,000 hadi 300,000. Ikishapata kishindo kimoja kikubwa, imekwisha kazi hata kama haina ufa.

Helmeti ya mtumba kamwe. Hujui ilianguka wapi. Lakini jaketi la ngozi la mtumba, nunua bila aibu: Karume jijini Dar au Memorial kule Moshi utapata zito kwa bei ndogo kuliko jipya jepesi. Buti za kazi za mtumba zinazofunika vifundo nazo ni halali. Glavu nunua mpya, zenye ngozi kiganjani. Mtu akianguka hutanguliza mikono, na yako ndiyo inayotafuta mshipa wa mtoto mwenye degedege. Kifundo kikiwekwa plasta, wiki sita hakuna kanula wala posho ya ziada.

Jambo hilo lina upande wa bima. Ile ya lazima inamlipa mtu wa tatu uliyemgonga. Wewe haikulipi, wala pikipiki yako hailipi. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi unahusu ajali za kazini, na kwenda Bagamoyo siku ya off si kazi. Ulizia bima ya ajali binafsi, na ukiipata soma kama inawakataa waendesha pikipiki. Baadhi zinawakataa kwa maandishi madogo.

Kuna gharama moja haina risiti. Ukitoka naiti usiende safari. Utafiti wa Williamson na Feyer wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 anafanya mambo kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Lala kwanza. Barabara ya mchana ni ileile.

Na kama mfukoni hakuna hata milioni 2 na mkopo hutaki, tafuta mwenzako wa wodi nyingine ambaye zamu zenu hazigongani, mnunue moja mpya ya cc 150 kwa nusu kwa nusu. Yeye akiwa kazini wewe uko off, chombo hakilali na gharama zinagawanyika. Nimeona inafanya kazi kwa watu walioandikiana, na ikavunja urafiki wa wasioandikiana. Andikeni nani analipa klachi ikiungua mkononi mwake, kwamba kila mmoja arudishe mafuta alipoyakuta, na kwamba hakuna kumwazima shemeji. Kadi ina jina la mmoja, kwa hiyo mwingine awe na mkataba uliosainiwa mbele ya wakili. Iwekwe kwa yule mwenye nyumba yenye geti. Na kwa kuwa barua ya uhamisho haibishi hodi, wekeni bei ya nusu mapema, ipungue kiasi fulani kila mwaka, anayebaki awe na haki ya kwanza kuinunua na apewe miezi mitatu ya kulipa.